Breki hulia asubuhi, taa huwaka kwenye kona: je, nisubiri mwisho wa mwezi?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina gari dogo la petroli, otomatiki, lenye diski mbele na dramu nyuma. Kila asubuhi nikiliondoa, breki hukwaruza mara mbili tatu halafu kimya. Mchana kuna mlio mwembamba unaokuja na kupotea ninapopunguza mwendo. Kingine, sijui kama kinahusiana: nikikata kona, taa nyekundu ya breki huwaka kidogo kisha huzima. Fundi mmoja ameniambia nibadilishe pedi na diski zote za mbele, na hakufungua hata gurudumu. Rafiki yangu anasema niongeze tu mafuta ya breki, taa itazima. Mimi naona breki bado zinashika vizuri. Nitajuaje kama kweli zinahitaji matengenezo? Na ninaweza kusubiri hadi mwisho wa mwezi?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Naanza na lile ulilolitaja kwa kupitia tu, maana ndilo zito kuliko yote. Kelele ya asubuhi inaweza kusubiri hata mwaka mzima. Taa nyekundu inayowaka kwenye kona haisubiri mwisho wa mwezi. Gari lako lifunguliwe wiki hii, na kabla ya hapo ulikague mwenyewe kwa namna nitakayokueleza.

Fungua boneti utazame upande wa dereva, karibu na ukuta unaotenganisha injini na ndani ya gari. Utaona chupa ndogo ya plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, yenye alama mbili, MAX juu na MIN chini. Hiyo ndiyo chupa ya mafuta ya breki. Ndani yake, au kwenye kifuniko chake, kuna boya dogo. Mafuta yakishuka mpaka karibu na MIN, boya nalo linashuka na kuwasha taa ya dashibodi. Yakiwa yameshuka lakini hayajafika chini kabisa, gari likienda moja kwa moja boya hubaki juu kidogo na taa haiwaki. Ukikata kona mafuta yanaegemea upande mmoja wa chupa, boya linaanguka, taa inawaka. Ukinyoosha usukani yanarudi na taa inazima. Kwa hiyo nina karibu uhakika kwamba ukifungua boneti sasa hivi, gari likiwa mahali tambarare, utakuta mafuta yamefika MIN au yamekaribia sana.

Yamekwenda wapi? Mfumo wa breki umefungwa. Mafuta yake hayaungui, wala hayapungui kidogo kidogo kama oili ya injini iliyochoka. Yakipungua chupani, ama yamevuja nje, ama yamehamia mahali pengine ndani ya mfumo wenyewe. Hilo la pili hutokea pedi, vile vibao vinavyoibana diski ya chuma inayozunguka na gurudumu, zinapoisha. Kadiri pedi inavyopungua unene, pistoni ya kalipa, kile kibanio kinachozishika pedi, hutokeza nje zaidi ili kuifikia diski, na nafasi inayobaki nyuma ya pistoni hujazwa na mafuta. Pedi zikiisha magurudumu yote mawili ya mbele, kiwango chupani hushuka kiasi cha kuonekana kwa macho. Ukiunganisha taa yako na ule mlio mwembamba wa mchana, mimi ningebeti kwamba ni pedi. Lakini kwenye breki hatuendi kwa kubeti. Kuvuja lazima kuondolewe kwanza kwenye orodha, kwa sababu pedi iliyoisha hukupa taarifa mapema, ila bomba linalovuja linaweza kukuacha bila breki kwa mkanyago mmoja.

Chungulia hivi. Asubuhi kabla ya kuliondoa gari, angalia sakafu chini ya kila gurudumu. Kisha piga tochi upande wa ndani wa kila tairi, hasa yale ya nyuma yenye dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki za nyuma. Silinda ndogo iliyomo ndani ya dramu ikianza kuvuja, mafuta hutiririka ndani ya dramu na kujitokeza kama doa lenye unyevu kwenye ubavu wa ndani wa tairi, mara nyingi limeshika vumbi jeusi. Halafu tazama chini ya masta silinda, ile pampu inayobeba chupa na kusukuma mafuta unapokanyaga, pale inapoungana na busta, chombo kinachoongezea nguvu mguu wako. Pasiwe na unyevu wala rangi iliyobabuka. Mafuta ya breki yakiwa mapya yana rangi ya manjano hafifu, yakizeeka huelekea kahawia. Ni mepesi kuliko oili na hutereza vidoleni. Ukiona unyevu wa namna hiyo popote, acha gari hapo hapo, fundi akufuate au livutwe. Usiliendeshe hata kidogo.

Sasa ushauri wa rafiki yako. Ukiongeza mafuta taa itazima, hilo ni kweli. Tatizo litabaki vile vile, na wewe utakuwa umejinyima taarifa pekee iliyokuwa ikikuambia kwamba pedi zinaisha au mafuta yanavuja. Tena siku fundi atakapofunga pedi mpya atalazimika kuzirudisha pistoni ndani. Mafuta yote yaliyokuwa nyuma yake yatapanda chupani, na kwa kuwa uliishaijaza, yatafurika. Mafuta ya breki hula rangi ya gari vibaya sana. Mimi huongeza mafuta ikiwa tu yameshuka chini ya MIN na gari lazima lifike gereji, na huongeza kidogo tu, ya aina ileile iliyoandikwa kwenye kifuniko.

Twende kwenye kelele, maana ndiyo inayowapeleka watu wengi kwa fundi, na ndiyo inayowadanganya pia. Diski za breki ni chuma cha kusubu kisichopakwa rangi pale pedi zinaposhika. Gari likilala nje kwenye umande, au likioshwa na kuegeshwa, ukungu mwembamba wa kutu hutanda juu ya diski ndani ya saa chache. Asubuhi pedi zinaikwangua kutu hiyo kwa mikanyago michache ya kwanza, basi, kimya. Hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe, na ukibadilishiwa pedi kwa sababu hiyo utarudi nyumbani na kelele ileile kesho yake.

Mlio mwembamba wa mchana ni habari tofauti. Pedi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma uliokunjwa pembeni, umewekwa makusudi ufikie diski pedi inapobaki na milimita kama 2 au 3. Ukigusa diski, hulia. Kwenye baadhi ya magari hulia hata kabla hujakanyaga, na ukikanyaga unanyamaza, jambo ambalo huwafanya watu wafikiri ni kitu cha gurudumu na si breki. Magari mengine hayana ulimi huo, badala yake kuna waya ndani ya pedi unaowasha taa ya dashibodi. Lakini tahadhari: mlio peke yake hauthibitishi kwamba pedi zimeisha. Pedi ngumu za ubora hafifu hulia zikiwa mpya. Pedi iliyoungua uso ukawa unang'aa hulia. Pedi iliyofungwa bila grisi maalumu kwenye sehemu zinazoteleza hulia. Ndiyo maana kelele ni sababu ya kufungua gurudumu, haitoshi kuwa sababu ya kununua vipuri.

Ipo kelele ya tatu, ambayo wewe hujaifikia na naomba usiifikie. Ni mkwaruzo mzito wa chuma juu ya chuma, unaosikika kila unapokanyaga, na mguu unauhisi. Hapo pedi imekwisha kabisa na bati lake la nyuma linaikata diski. Kuanzia siku hiyo unanunua na diski pia, na kila kilomita unayoongeza unazidisha hasara na hatari.

Umeandika kwamba breki bado zinashika vizuri. Nakuamini, ila haina maana unayoipa. Pedi yenye milimita 1 hushika karibu sawa na yenye milimita 10 kwa mkanyago mwepesi wa mjini. Unene hauongezi nguvu ya kushika. Unachokipoteza pedi ikiwa nyembamba ni kinga dhidi ya joto. Kila unaposimama, mwendo wote wa gari hugeuka joto kwenye diski na pedi, na mwendo ukipanda mara mbili, tuseme kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 100, joto la kumezwa hupanda mara nne. Pedi nene huzuia joto hilo lisifike kwenye pistoni na mafuta. Nyembamba hulipitisha moja kwa moja. Kwa hiyo breki zilizokuwa nzuri wiki nzima kwenye foleni zinaweza kukuangusha siku unayoshuka mlima mrefu na abiria wanne na mizigo. Kushika vizuri kwa mwendo mdogo hakupimi chochote.

Kinachopima ni milimita. Pedi mpya huwa na nyenzo ya kusugua ya milimita 10 hadi 12 hivi, ukiacha bati la nyuma. Mimi nikikuta 3 naagiza mpya, na chini ya 2 sibishani na mtu. Unaweza kuanza kutazama bila kufungua chochote: kata usukani wote upande mmoja, zima gari, tia handibreki, kisha piga tochi ya simu katikati ya mikono ya rimu. Utaona diski inayong'aa, na kalipa iliyoipanda kwa juu. Kati ya kalipa na diski kuna bati, na kati ya bati na diski kuna utepe mweusi au wa kijivu. Utepe huo ndio pedi. Ukiwa mwembamba kuliko bati lililoubeba, muda umefika.

Ila hapa ndipo wengi wanapodanganyika, hata baadhi ya mafundi. Unachokiona kupitia rimu ni pedi ya nje. Kila gurudumu lina mbili. Kalipa za magari madogo mengi zina pistoni upande mmoja tu, wa ndani. Pistoni huisukuma pedi ya ndani mpaka ishike diski, kisha mwili mzima wa kalipa huteleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje ije ishike upande wa pili. Vile vimpira vinavyofunika pini vikichanika, maji huingia, grisi hukauka, kutu inashika, na kalipa haitelezi tena. Pedi ya ndani inabaki kufanya kazi yote peke yake. Nimeshafungua gurudumu nikakuta ya nje ina milimita 7 safi kabisa na ya ndani ni bati tupu lililoanza kuchora diski. Mwenye gari alikuwa amechungulia kwenye rimu akaridhika. Kwa hiyo ukiona ya nje imeisha, umepata jibu. Ukiona ya nje ni nene, bado hujapata jibu, gurudumu lazima litoke. Na fundi akikubadilishia pedi bila kuzichomoa pini, kuzisafisha na kuzipaka grisi yake, jua utarudi mapema.

Kuhusu diski, fundi wako anaweza kuwa sahihi, lakini hakuna mtu anayejua hali ya diski kwa kusikiliza gari likipita. Kila diski imepigwa chapa au imechongwa maandishi MIN TH na namba, kwa kawaida kwenye kitovu chake au kwenye ukingo. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa cha unene. Diski iliyoanza na milimita 22, kwa mfano, mara nyingi kikomo chake ni 20. Hupimwa kwa mikromita, kifaa cha kupima unene kwa usahihi, sehemu kadhaa kuzunguka uso wake, na si kwa rula, kwa sababu ukingo wa nje ambao pedi haiufikii hubaki na unene wa zamani na kumpumbaza mwenye rula. Ukingo huo unaweza kuupapasa kwa kidole diski ikiwa baridi. Ukiuhisi umesimama kama ngazi ndogo, diski imelika, na mikromita itakuambia kama imepita kikomo. Mikwaruzo midogo ya mviringo si sababu ya kutupa diski. Mfereji mzito unaokamata ukucha, nyufa zinazofika ukingoni, au unene ulioshuka chini ya ile namba, hizo ni sababu. Mwambie fundi akuonyeshe namba na kipimo vikiwa pamoja. Anayejua kazi yake hatachukia.

Kwa kuwa tuko kwenye diski: ukiona usukani unatetemeka unapokanyaga breki kwenye mwendo mkubwa, au pedali inarusha mguu kwa mapigo, watasema diski imepinda. Mara nyingi haijapinda. Unene wake umetofautiana sehemu na sehemu, na tofauti ya sehemu chache za mia za milimita inatosha kuihisi. Pengine ni kutu iliyojificha kati ya diski na habu, pale diski inapofungwa, na kuifanya diski ikae upande, au nati za gurudumu zilizokazwa kwa nguvu zisizolingana. Kufunga diski mpya juu ya habu yenye kutu ni kununua tatizo upya. Usichanganye mtetemo huo na ule mrindimo mkali wa pedali unaokuja ukikanyaga kwa nguvu zote kwenye barabara inayoteleza. Huo ni ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, ikifanya kazi yake, usiinue mguu.

Dramu za nyuma sitazikalia sana. Ukifunga breki uzito wa gari huegemea mbele, kwa hiyo mbele ndiko kunakobeba sehemu kubwa ya kazi, na viatu vya breki vya nyuma, vinavyosugua dramu kwa ndani kama pedi zinavyosugua diski, hudumu zaidi. Dalili yake ya kawaida ni handibreki inayopanda vituo vingi kuliko zamani kabla ya kushika, na pedali inayoanza kushika chini zaidi. Fundi akiwa amelinyanyua gari, afungue dramu pia, hiyo ni kazi ya dakika chache na ndipo atakapoona kama silinda za nyuma ni kavu.

Sasa nije kwenye kitu ambacho ningependa ukijue kuliko mambo yote ya kelele. Sauti hukupa muda. Pedali haikupi. Mabadiliko yoyote unayoyahisi mguuni yana haraka kuliko mlio wowote, hata kama gari ni kimya kabisa.

Pedali ikiwa laini, inabonyea kama sponji, na ukikanyaga mara ya pili haraka inapanda, kuna upepo ndani ya mabomba, au mafuta yamechemka. Mafuta hayabanwi, ila upepo na mvuke hubanwa, na nguvu ya mguu wako inaishia kuubana upepo badala ya kuifikia pedi. Pedali ikishika kwanza kisha ikashuka polepole wakati umesimama kwenye taa za barabarani, basi ama kuna mahali panavuja ama raba za ndani ya masta silinda zimechoka na mafuta yanazipita. Hili la pili halidondoshi tone chini, na ndiyo sababu watu wengi hulipuuza. Lijaribu hivi: gari limesimama, injini inawaka, giya iko P, kanyaga kwa nguvu ya wastani na ushikilie kwa nusu dakika hadi dakika moja. Pedali ibaki palepale. Ikizama, gari halitoki.

Pedali ikiwa ngumu kupita kiasi, unakanyaga kwa nguvu zote na gari linasita kusimama, shuku busta au mpira unaoipelekea ombwe, yaani nguvu ya kunyonya, kutoka kwenye injini. Zima injini, kanyaga mara nne au tano mpaka pedali iwe ngumu, endelea kuibana, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta ni nzima. Isiposhuka, tatizo liko hapo. Ukipatwa na hali hiyo barabarani breki bado zipo, ila zinataka mguu wote.

Na pedali ikizama hadi sakafuni ukiwa kwenye mwendo? Pampu haraka haraka, mara nyingi shinikizo hurudi kiasi. Shusha giya, kwenye otomatiki weka L au 2, injini ikusaidie kuzuia. Vuta handibreki taratibu huku umebana kitufe chake, uweze kuilegeza magurudumu yakianza kuburuza. Usizime injini, utapoteza wepesi wa usukani, na ukichomoa ufunguo usukani unaweza kujifunga.

Gari likivuta upande mmoja unapofunga breki, gurudumu la upande linakovutia linashika zaidi ya mwenzake. Huenda mwenzake kalipa yake imekwama, au pedi yake imelowa mafuta. Likivuta hata bila kukanyaga, kuna gurudumu ambalo breki yake haiachii. Baada ya safari ya kawaida, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto la ajabu kuliko pacha wake wa upande wa pili, au ikatoa harufu ya kuungua, kalipa imekwama au mpira wa breki umevimba ndani ukawa unapitisha mafuta kwenda lakini hauyarudishi. Kwa nje mpira huo unaweza kuonekana mzima kabisa. Na usimwage maji kwenye diski yenye moto ili kuipoza, unaiharibu.

Mwulize pia fundi mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu watu hubadilisha oili ya injini kwa nidhamu na mafuta ya breki hawayagusi tangu gari litoke kiwandani. Mafuta ya breki ya madaraja ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hunyonya unyevu wa hewa, polepole, hata mfumo ukiwa mzima. DOT 4 mpya kabisa kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kipimo kinachotumika kwa mafuta yaliyochakaa, kiwango hicho hushuka hadi 155. Kwa DOT 3 ni kutoka 205 hadi 140. Kushuka mlima mrefu huku mguu uko kwenye breki muda wote kunaweza kufikisha joto hilo, mafuta yanachemka, mvuke unajaa mabombani, pedali inazama. Breki zikipoa kila kitu kinarudi sawa, na dereva anaapa kwamba breki zilifeli bila sababu. Mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama gari linatembea kidogo. DOT 5 bila ile .1 ni ya silikoni, usiichanganye na hizo nyingine. Na mtu asije akatia oili ya injini au ya usukani humo kwa kukosa nyingine: raba zote za mfumo huvimba na kuharibika, kuanzia masta silinda hadi magurudumuni.

Utaniuliza pedi zinatakiwa kudumu kilomita ngapi. Sipendi kutoa namba hiyo, kwa sababu dereva mmoja humaliza seti kwa kilomita 25,000 na mwingine, gari lilelile, akafika 80,000. Anayeendesha mjini kwa kukanyaga na kuachia humaliza haraka. Magari ya haibridi na ya umeme hutumia mota kupunguza mwendo, pedi zake hudumu sana, na yenyewe tatizo lake huwa kutu na pini zilizoganda kwa kutotumika. Kagua kila unapobadilishana nafasi za tairi, au kila baada ya kilomita 10,000.

Ukifika gereji, sema unataka magurudumu yote manne yafunguliwe na upewe vipimo vya pedi nne za kila upande wa gari, maana yake mbili za gurudumu la mbele na viatu viwili vya nyuma. Pedi hubadilishwa kwa ekseli nzima, kulia na kushoto pamoja, hata kama upande mmoja umebaki mzuri. Zile za zamani omba uzione. Zikiwa zimelika kwa mshazari, au ya ndani na ya nje hazilingani, kazi haijaisha mpaka sababu ipatikane. Vumbi la breki lisipulizwe kwa kompresa, lisafishwe kwa dawa ya kunyunyiza na kitambaa. Nyenzo za zamani zilikuwa na asbesto, na hata zisizo nayo si kitu cha kuvuta mapafuni.

Kabla gari halijasogea hata hatua moja, pedali ikanyagwe mara kadhaa mpaka iwe imara. Pistoni zimerudishwa nyuma, na mkanyago wa kwanza baada ya pedi mpya huenda mpaka sakafuni bila kushika chochote. Wapo waliogonga ukuta wa gereji kwa sababu hiyo. Kilomita mia chache za mwanzo punguza mwendo kwa mikanyago ya wastani, uziache zipoe katikati, usifunge breki za ghafla kama hakuna lazima. Pedi na diski zinahitaji kuzoeana.

Kazi ikikamilika kiwango chupani kitakuwa kimepanda chenyewe karibu na MAX. Kitie alama kwa kalamu, utazame tena baada ya wiki moja. Kikiwa kilekile na taa haiwaki tena kwenye kona, zilikuwa pedi. Kikishuka, kuna mahali panavuja ambapo hapajaonekana na gari lirudi siku hiyohiyo. Kikibaki palepale na taa bado inawaka, sasa mafuta hayahusiki: mwambie fundi akague swichi ya handibreki na boya la kwenye chupa, na nyaya zake.